Urithi unaoshikika na usioshikika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Ukizungusha wanafunzi na wageni Kalenga, Isimila, Mbozi na Matema, unafika mahali unalijua swali kabla mtu hajanyoosha mkono. Haya hapa ni yale yanayorudi zaidi. Mengine yamejibiwa kwa kirefu kwa kuwa jambo lenyewe ni zito. Mengine hayahitaji maneno mengi.

Tofauti yenyewe ni ipi, kwa lugha nyepesi?

Urithi unaoshikika ni ule ambao waliotutangulia waliuacha ukiwa kitu: jengo, kaburi, mkuki, chungu, mchoro kwenye mwamba, ukuta wa ngome. Kitu hicho unaweza kukipima, kukipiga picha, kukijengea uzio, na mwizi akitaka anaweza kuondoka nacho. Urithi usioshikika unakaa ndani ya watu: wanachokijua, wanavyoimba, wanavyozika, wanavyosalimiana, wanavyotibu, wanavyofinyanga. Huo hauna kabati la kuufungia.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: watu wote wanaolijua jambo hilo wakiondoka leo, kesho asubuhi litakuwepo? Boma la Wajerumani pale Iringa mjini litakuwepo, hata kama hakuna aliyebaki wa kukueleza lilikuwa la nani. Ugemaji wa ulanzi, yaani pombe ya utomvu wa mianzi, hautakuwepo, hata kama mianzi yote ya Njombe imesimama vilevile.

Mgawanyo huu aliuleta nani?

Umetokana zaidi na mikataba miwili ya UNESCO. Wa kwanza, wa mwaka 1972, unahusu urithi wa dunia wa kitamaduni na wa asili. Tanzania iliuridhia mwaka 1977, na ndio ulioingiza Ngorongoro, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, Mji Mkongwe wa Zanzibar na michoro ya Kondoa kwenye orodha ya dunia. Mkataba huo unatazama mahali: majengo, magofu, mandhari.

Baada ya muda, nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zikaanza kulalamika. Orodha ilikuwa inajaa makanisa makuu na makasri ya Ulaya, ilhali sehemu kubwa ya urithi wao haikuwahi kujengwa kwa mawe. Ukapatikana mkataba wa pili mwaka 2003, wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika; Tanzania iliuridhia mwaka 2011. Huu unataja maeneo matano: masimulizi na lugha inayoyabeba, sanaa za maonyesho kama ngoma, mila na sherehe za jamii, ujuzi kuhusu mazingira na ulimwengu, na ufundi wa jadi.

Hapa nyumbani Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, na ilirekebishwa mwaka 1979. Ukiisoma utaona inahesabu vitu kwa umri: kilichotengenezwa au kujengwa kabla ya mwaka 1863, milango ya kuchonga ya kabla ya 1940, na kadhalika. Ni sheria nzuri kwa kitu cha kale. Kwa bibi anayejua kufinyanga haina la kusema.

Chungu cha Wakisi kiko upande gani?

Pande zote mbili, na ndiyo maana nalipenda swali hili kuliko mengine.

Wakisi wako kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, kuanzia upande wa Matema na Ikombe kwenda kusini. Milima inashuka karibu majini, hivyo ardhi ya kulima ni finyu. Kinamama wakajikita kwenye ufinyanzi, na vyungu vyao vikasafirishwa kwa mitumbwi kwenda kuuzwa ufukoni kote.

Kaa karibu na mfinyanzi utazame. Hana gurudumu. Anaanza na bonge la udongo aliouchagua mwenyewe na kuukanda mpaka umeshikana, analifungua katikati kwa ngumi, kisha anavuta kuta kwenda juu kwa vidole huku akikizungusha chungu taratibu. Anasikiliza kwa kiganja: pakiwa pazito anaparua, pakiwa pepesi anaongeza. Kikikauka kidogo anakisugua kwa jiwe laini mpaka king'ae, anapaka rangi nyekundu ya udongo, anatia urembo mweupe, ndipo vinapangwa pamoja na kuchomwa nje, mahali pa wazi. Muulize alijuaje kwamba udongo umeiva kukandwa. Atacheka. Atakupa bonge ulishike.

Chungu kilichotoka hapo ni urithi unaoshikika. Mkono uliokitoa, macho yanayotambua udongo, mpangilio wa nani anamfundisha nani, mpaka mazungumzo yanayoendelea wakati wa kusugua: huo ndio usioshikika. Ukinunua vyungu hamsini ukaviweka makumbusho umehifadhi vyungu hamsini, basi. Sufuria na ndoo za plastiki zikimaliza soko, mabinti wataacha kujifunza, na cha hamsini na moja hakitakuja.

Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kuhifadhi ufinyanzi wa Wakisi, namwambia aanze kwa kununua chungu na kukipikia maharage.

Ulanzi nao ni urithi? Si ni pombe tu?

Swali hili huulizwa na walimu zaidi kuliko wanafunzi, na huulizwa kwa sauti ya chini.

Ulanzi ni urithi, na tena ni mfano mzuri kuliko mingi iliyomo vitabuni. Iringa na Njombe, mvua zikianza, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha. Utomvu unadondoka polepole kwenye mbeta, yaani kipande cha mwanzi kilichofungwa pale kwenye jeraha kuupokea. Kazi haiishi hapo. Mgemaji anarudi asubuhi na jioni, anamwaga kilichopatikana, anaparua ncha kidogo kwa kisu kikali ili jeraha lisizibe, anafunga tena. Akiparua kwa pupa, chipukizi linaisha kabla ya msimu. Akichelewa, utomvu unakoma. Ajue pia ni machipukizi mangapi ya shina moja ya kugema na mangapi ya kuyaacha yakue, la sivyo mwakani hana mianzi.

Mtogwa, yaani ulanzi mpya, ni mtamu na hata watoto wanapewa. Ukilala unachacha wenyewe, bila kutiwa kitu. Ukifika hatua ya mkangafu, mgeni asiuzoee kwa kikombe cha pili.

Sasa panga mwenyewe: mianzi, kisu na mbeta vinashikika. Kujua wakati wa kukata, kina cha kuparua, msimu, nani anagema shamba la nani, nani anakunywa kwanza kwenye kikao cha posa au msiba, hivyo havishikiki. Ukitoa kundi la pili, la kwanza linabaki kuni.

Na wanaosema pombe haiwezi kuwa urithi, hapo jirani tu, ukivuka mpaka wa Kasumulu, Malawi iliandikisha UNESCO mwaka 2017 mapishi ya nsima, ambayo sisi tunaita ugali. Kama sima inaingia, sioni kwa nini mbeta ione haya.

Fuvu la Mtwa Mkwawa lililopo Kalenga tuliweke wapi?

Hapa wanafunzi wengi hujibu haraka: linashikika, lipo ndani ya kioo, basi. Ngoja kwanza.

Mkwawa, mtwa (yaani chifu) wa Wahehe wa Iringa, alipigana na Wajerumani kwa miaka 7. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake lilikivamia kikosi cha Emil von Zelewski pale Lugalo, na Zelewski mwenyewe akauawa. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ikabomolewa kwa mizinga. Mkwawa akaendelea na vita vya msituni mpaka Julai 1898, alipozingirwa huko Mlambalasi akajipiga risasi badala ya kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mwili ukazikwa Mlambalasi.

Fuvu hilo likawa jambo la kimataifa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani kulikabidhi kwa Waingereza ndani ya miezi 6. Haikufanyika. Ilibidi gavana wa Tanganyika, Edward Twining, aende mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu mengi yaliyokusanywa, na kulichagua moja kwa kulinganisha vipimo na kwa tundu la risasi. Mwaka 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye akawa Spika wa Bunge.

Umeona lilivyochaguliwa. Wapo wanahistoria wanaouliza kama kweli ndilo lenyewe. Kwa upande wa kitu, swali hilo ni halali kabisa na huenda siku moja maabara italijibu. Lakini kilichofanyika Kalenga mwaka 1954, na kinachoendelea kila wazee wa ukoo wanapokwenda pale, hakisubiri maabara. Wahehe walimpokea Mtwa wao. Sifa zake zinatajwa, simulizi ya Lugalo inasimuliwa, watoto wanapewa jina lake. Hata kambi ya jeshi kule Dar es Salaam inaitwa Lugalo, na vijana wanaopita getini hapo kila siku wanalitamka jina la uwanja wa vita wa Iringa wakijua au wasijue.

Jibu langu, basi: fuvu, bunduki, mikuki na ngao ni urithi unaoshikika. Heshima, simulizi, matambiko na utaratibu wa nani anaruhusiwa kusema nini mbele ya kaburi la Mlambalasi ni usioshikika. Mtihani ukikupa kisanduku kimoja tu cha kuweka alama, weka kinachoshikika upate maksi zako, halafu nje ya chumba endelea kubishana.

Na kimondo cha Mbozi? Daraja la Mungu? Ziwa Ngosi?

Hivi ni vya asili. Hakuna babu aliyevitengeneza. Kimondo cha Ndolezi, ambacho sasa kiko Mkoa wa Songwe, ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi lililoanguka kutoka angani. Makadirio ya uzito hutofautiana kati ya tani 12 na 16. Wazungu walikijua mwaka 1930, ila wenyeji walikuwa wakikijua siku nyingi na husimuliwa kwamba kilikuwa na miiko yake. Daraja la Mungu ni mwamba wa volkano uliopinda juu ya Mto Kiwira. Ngosi ni ziwa la kreta kwenye safu ya Poroto.

Hata hivyo, kitu cha asili kinaweza kuvaa utamaduni. Jiwe la Gangilonga, Iringa mjini, kijiolojia ni jiwe kama mengine yaliyo kilimani pale. Likiwa na simulizi kwamba husema, na kwamba Mkwawa alikuwa akienda kukaa hapo kutafakari, linakuwa jiwe lingine. Ngosi ina simulizi za nyoka mkubwa na za maji ya tiba. Hizo simulizi ndizo urithi usioshikika. Ziwa lenyewe ni urithi wa asili. Waongozaji wengine wanazisimulia kama vichekesho vya kumpumbaza mtalii. Siwaungi mkono. Zinapaswa kusimuliwa kama zinavyosimuliwa na wenyeji wa Isongole, karibu na ziwa, na anayezisimulia aseme alizipata kwa nani.

Kuna urithi uliobaki wa upande mmoja tu?

Upo, na unasikitisha kidogo.

Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa ukielekea Mbeya, kuna mashoka ya mawe yaliyotapakaa kwenye korongo. Mahali hapo palitambuliwa mwaka 1951, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 mwanaakiolojia Clark Howell akafanya uchimbaji mkubwa. Umri wake unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 200,000. Shoka utalishika, utaliona lilivyochongwa pande zote mbili kwa ustadi. Aliyelichonga aliitaje kazi hiyo, aliimba nini akichonga, alimfundisha nani? Hakuna wa kumuuliza. Hapo tunacho kitu kitupu.

Isimila ni ya zamani mno, tunasamehe. Malungu ya Ufipa ni ya juzi. Hayo ni matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, yenye kimo cha mita 3 na zaidi, yaliyojengwa ili hewa ijivute yenyewe kwa chini bila mtu wa kuvuta mivukuto. Huko Sumbawanga na Nkasi mengine yamesimama hadi leo, yamezungukwa na mashamba ya mahindi. Moto uliyazimikia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, baada ya majembe ya kiwandani kushuka bei. Fundi aliyejua kupanga mkaa na mawe ya chuma, na dawa na miiko ya kulianza tanuru, amekwisha fariki. Watafiti waliwahi kuwaomba wazee wawashe tanuru tena ili kazi ionekane na kuandikwa, na tunawashukuru. Lakini kijana wa Kifipa leo akitaka chuma anakwenda dukani, na ilungu analiegemea kupata kivuli.

Upande upi ukipotea ndio hasara kubwa?

Uganda wana jibu. Makaburi ya wafalme wa Buganda kule Kasubi yaliingia kwenye orodha ya dunia mwaka 2001, na Machi 2010 nyumba kuu ikaungua. Nyumba ilikwisha, ujuzi wa kuezeka ulibaki ndani ya koo zilizopewa kazi hiyo, na miiko yake walikuwa nayo. Wakajenga upya, na mwaka 2023 mahali hapo pakatolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ingekuwa kinyume, nyumba imesimama na waezekaji hawapo, ingeoza nyasi kwa nyasi watu wakitazama.

Lugha za kikabila ni urithi usioshikika?

Mkataba wa 2003 unaitaja lugha kama chombo kinachobeba urithi. Maana yake, Kisafwa chenyewe hakiandikishwi kama lugha, ila hadithi, vitendawili na nyimbo zilizomo ndani yake zinaweza kuandikishwa. Salamu ni mfano mwepesi: "Kamwene" ya Iringa na Njombe, "Ugonile" ya Rungwe na Kyela. Ukizingatia na namna mtu anavyochuchumaa kumsalimia mkubwa wake, utaona si maneno peke yake.

Ngoma ikishapanda jukwaani na kuvaa sare, bado ni urithi?

Hili hugombanisha watu. Wapo wanaosema ngoma halisi ni ile ya zamani, iliyobaki kama ilivyokuwa kwa mababu. Waulize kuhusu mganda, ngoma ya wanaume wa pande za Ziwa Nyasa. Kaptula nyeupe zilizopigwa pasi, soksi ndefu, mistari iliyonyooka, hatua za gwaride. Ilizaliwa wakati wa ukoloni, vijana walipoziona bendi za jeshi wakazigeuza kuwa zao. Babu wa babu hakuijua. Leo ukimwambia mzee wa Mbamba Bay kwamba mganda si wa jadi, utaondoka bila kupewa kiti.

Urithi usioshikika unaruhusiwa kubadilika, mradi wenyewe bado wanautambua kuwa wao na wanaurithisha. Jengo la kale ukilibadilisha umeliharibu, lakini ngoma usipoiruhusu ibadilike unaiua. Ninachokiogopa mimi jukwaani ni saa: ngoma ya usiku kucha inakatwa iwe dakika 5 ili mgeni rasmi awahi chakula, halafu watoto wanaokua wanadhani ni ya dakika 5.

Vinyungu ni kilimo. Vinaingiaje kwenye urithi?

Vinaingia kwenye lile eneo la nne, ujuzi kuhusu mazingira. Wahehe na Wabena hulima mabondeni wakati wa kiangazi, kwenye ardhi inayobaki na unyevu, wakipandisha matuta na kufungua mifereji ya kutoa maji yaliyozidi. Hapo wanapata mahindi mabichi, maharage na mboga wakati mashamba ya juu yamekauka. Kujua bonde lipi litahimili na mfereji uende kina gani ni elimu ya vizazi.

Ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwa kinyungu chembamba, mita 60 ni shamba zima. Wakulima wanasema babu zao walilima hapo na mito haikukauka. Maofisa wanaonyesha vijito vilivyokauka. Wote wana hoja. Nisichokipenda ni kikao kinachoanza na kufunga bila hata mara moja kumuuliza mkulima wa kinyungu anajua nini kuhusu maji. Ukiandika insha kuhusu mgongano wa urithi na sheria, achana na mifano ya Ulaya, nenda bondeni.

Nimeokota kitu cha kale shambani. Nifanyeje?

Usikisafishe, usikisugue, usikiondoe kama unaweza kukiacha. Piga picha mahali kilipo, kumbuka kina, toa taarifa serikali ya kijiji au ofisi ya maliasili na utamaduni ya halmashauri. Sheria inataka kitu cha kale kikigunduliwa kitolewe taarifa. Kuchimba kunahitaji kibali, na kukitoa nje ya nchi vilevile. Kitu kikishahama mahali pake, nusu ya habari zake imepotea.

Na hili lazima liambatane nalo: mali za Mjerumani, yaani hazina inayosemekana Wajerumani waliificha. Kila penye boma, daraja la zamani au kaburi la mzungu kuna kijana amechimba usiku akitafuta dhahabu. Pale ziwa la Kisiba, Masoko, ambako jeshi la Wajerumani lilikuwa na kambi, watu wamekwisha pata sarafu za kikoloni, na habari hiyo imechochea wengi. Nimeona msingi wa jengo la miaka zaidi ya 100 umetobolewa mashimo na waliotoboa wakatoka na kutu. Simulizi ya hazina nayo, kwa kweli, ni urithi usioshikika unaokula ule unaoshikika.

Nikimrekodi bibi yangu kwa simu, nimeuhifadhi urithi?

Umehifadhi rekodi. Ni jambo jema, lifanye wiki hii, usingoje Desemba. Lakini rekodi ni kitu. Inaingia upande unaoshikika. Urithi unahifadhika pale mtu wa pili anapoweza kuifanya kazi ile.

Ukirekodi, mwache aongee kwa lugha anayoiota, hata kama wewe unaikamata nusunusu. Mwombe afanye huku anasema: kikapu cha milulu kikielezwa bila kusukwa hakieleweki. Taja mwanzoni tarehe, kijiji, na nani anazungumza. Muulize kipi kisitoke nje ya familia, na umtii. Dawa na maneno ya tambiko yana wenyewe, na ukishayatupa kwenye makundi ya simu huyarudishi. Kisha hifadhi nakala mahali pawili, maana simu huibiwa stendi ya Ipogolo kama kwingine kote.

Mahali pamoja panaweza kuwa kwenye orodha zote mbili?

Ndiyo. Misitu mitakatifu ya kaya (makazi ya kale yenye ngome) za Wamijikenda, Kenya, iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 kama mahali. Mwaka uliofuata, mila zinazofanyika ndani ya misitu hiyo ziliandikishwa kama urithi usioshikika unaohitaji kulindwa haraka. Msitu bila mila ungekuwa kuni zinazosubiri shoka.

Nyanda za Juu Kusini tuna chochote kwenye orodha ya urithi wa dunia?

Hakuna hata kimoja. Tanzania ina maeneo 7, yote yako kwingine.

Nina siku chache tu. Nianzie wapi nione pande zote mbili?

Anza Iringa. Asubuhi ingia makumbusho yaliyo ndani ya boma la zamani upate picha ya mkoa, kisha nenda Kalenga, umbali wa kilomita 15 hivi, na umwombe anayekuongoza akusimulie Lugalo bila kusoma maandishi ya ukutani. Jua likipungua, panda Gangilonga. Siku inayofuata shuka Isimila mapema. Nguzo za asili za udongo zilizo korongoni zinapendeza kabla ya saa nne, na korongoni jua ni kali. Usiokote shoka hata moja, hata dogo.

Ukielekea Mbeya wakati wa mvua, simama barabarani kwa wauza ulanzi, uliza wa asubuhi. Kisha panga safari ili Jumamosi ikukute Matema, maana soko la vyungu la Lyulilo ni siku hiyo. Nenda asubuhi kabla mitumbwi haijarudi, beba noti ndogondogo, na kabla ya kununua chungu kigonge kwa kifundo cha kidole: kinacholia vizuri hakina ufa.